Mahindi ya Kitalu cha Njaa

Jumatatu moja asubuhi, mwezi wa tatu mwaka wa 1976, Nafuna alikuwa amechuchumaa katika shamba la Mzee Simeon Ng'ang'a pale Kawangware, akifunga kamba ya katani kwenye kigingi na kufukuza kuku wa jirani kwa mkono wa pili. Alikuwa mwanafunzi wa kilimo katika chuo kikuu, mwaka wa mwisho, na shahada yake yote ilikuwa imelala pale chini ndani ya vitalu vinne. Cha kwanza kilipandwa mahindi na maharagwe pamoja, kikapewa samadi. Cha pili kilipandwa vivyo hivyo, kikapewa mboji. Cha tatu kilikuwa cha mahindi peke yake na mbolea ya dukani. Cha nne kilipandwa mahindi na maharagwe na hakikupewa kitu chochote, kwa sababu bila kitalu kilichonyimwa, Nafuna hangejua vile vingine vimefaidika na nini.

Kitalu hicho cha nne kiliwaudhi watu. Wakulima waliotoka Kibera kwa miguu kulima vipande vya pembeni walikitazama kwa huruma, na Shivachi, mwashi aliyekuwa msemaji wao, alimuuliza Nafuna ardhi hiyo imemkosea nini hata ainyime chakula. Yeye ndiye aliyekiita kitalu cha njaa. Nafuna alimweleza, akamweleza tena, kisha akamwomba tu amsaidie kuhakikisha hakuna anayemwaga hapo majivu wala maji ya kuoshea vyombo, na hakuna anayesimama hapo kukojoa akitoka kunywa busaa. Shivachi hakuridhika, lakini alikuwa mtu wa neno lake. Alikilinda kitalu kuliko kipande chake mwenyewe, na Waruguru, jirani mwenye mbuzi, aliwahi kurushiwa bonge la udongo kwa kosa la kupita hapo na ndoo ya samadi.

Simeon Ng'ang'a alikuwa mzee wa kanisa, mwenye ardhi tangu enzi za babake, na kwa jumla aliwapenda watu mradi wasikae sana. Watu wa Kibera aliwapa vipande mpaka mavuno. Walipatana kwa mdomo na kushikana mikono. Chuo alikipa kona ya chini bure, kwa kuwa Land Rover ya chuo ilipoegeshwa mbele ya lango lake majirani wote waliiona.

Mwezi wa nne, maharagwe yalipokuwa na majani mawili mawili, alibadili nia. Kawangware ilikuwa inajaa watu wanaotafuta vyumba, na chumba hakingoji mvua. Aliwaambia wakulima waondoke. Wakamjibu kwa heshima kwamba wataondoka wakishavuna, kama walivyopatana. Simeon akasema sawa, akawauliza habari za watoto, na Alhamisi saa nne asubuhi akawatuma vijana wenye rungu, mapanga na mipini ya majembe.

Vijana hao walikuwa wa mtaani hapo hapo, na walifanya kazi yao bila hasira. Walianza na wanaume. Mmoja walimvunja goti, wakamwacha akitambaa katikati ya mistari. Mwingine walimkata bega mpaka mfupa ukaonekana, naye akautazama kidogo kabla ya kuanguka. Wanawake waliburutwa kwa nywele juu ya maharagwe. Shivachi hakukimbia. Alisimama mbele ya kipande chake, na kijana aitwaye Ndungu, mwenye sauti nzuri ya chini katika kwaya ya kanisa la Simeon, akampiga mpini wa jembe mdomoni. Shivachi alitema damu na meno, akayaangalia yalipoangukia.

"Kijana," akasema, "mbegu iko ndani ya mchanga. Si mngoje tu tuvune."

Ndungu akampiga tena pale pale. Nasipwondi, mke wa Shivachi, alimrukia Ndungu mgongoni. Wenzake wakamshika mkono wakauvunja juu ya goti, kama mtu anavyovunja kuni. Alipokuwa akiburutwa kuvuka kijito bado aliyaona mapanga yakipanda na kushuka mahali mumewe alipokuwa amesimama. Baada ya hapo miti ilimziba.

Wakulima walipokwisha kukimbia, vijana walibaki na maiti na jua la saa sita. Ardhi ya pale ni ngumu, nao walikuwa wamechoka. Kitalu cha njaa kilikuwa kimelimwa kwa kina na kuchambuliwa mawe, kwa kuwa Nafuna alitaka udongo uwe sawa pande zote, kwa hiyo walichimba hapo. Simeon alikuwa amewaonya wasiharibu vitu vya chuo. Wakaing'oa miche kwa uangalifu, wakamlaza Shivachi, wakairudisha miche kwenye mistari yake, wakaimwagilia na kukaza kamba. Ilikuwa kazi safi.

Nafuna alifika Ijumaa. Alikuta vipande vya wakulima vimekanyagwa na damu imekauka juu ya majani ya maharagwe, lakini vitalu vyake vilikuwa salama, naye akamshukuru Mungu kabla hajaona aibu. Simeon alimwambia kwamba kulikuwa na kutoelewana kidogo, na kwamba Baba Lenah, ndivyo watu walivyomwita Shivachi kwa jina la bintiye wa kwanza, amerudi kwao Malava. Siku hiyo hiyo Nafuna akaenda Kibera. Nasipwondi alikuwa ameketi mlangoni, mkono wake umefungwa kati ya vipande viwili vya ubao wa sanduku la sabuni. Alikuwa ameshakwenda kituo cha polisi, akaambiwa wanaume wa magharibi huondoka bila kuaga na hurudi wakishiba. Nafuna alilia naye. Jumatatu akarudi shambani kupima miche.

Mvua ilikuwa nzuri mwaka huo. Kitalu cha samadi kilikwenda vizuri, cha mboji kikafuata, cha mbolea ya dukani kikaanza kwa mbio halafu kikachoka. Kitalu cha njaa kilivipita vyote. Mahindi yake yalikuwa na kijani kizito, shina nene, na mwezi wa sita yalikuwa yamempita Nafuna kwa kimo. Alienda kwa Waruguru akamshtaki kwa kumwaga samadi kisirisiri.

"Mimi?" Waruguru akauliza. "Nimwagie kitu ya wenyewe mbolea yangu bure, na nyanya zangu zinalia?"

Dakta Muema, msimamizi wa Nafuna, alikuja na Land Rover, akazunguka kitalu mikono ikiwa nyuma, akatangaza kwamba kimeshiba. Kitalu cha kulinganisha kikishiba hakuna utafiti, alisema, na pasipo utafiti hakuna shahada. Alimshauri Nafuna aombe Mungu mavuno yenyewe yawe mabaya.

Mwezi wa saba Nafuna alimenya hindi la kwanza la kitalu hicho. Ndani hamkuwa na punje. Kulikuwa na meno ya mtu mzima, yamepangwa safu kwa safu kuzunguka gunzi, na gunzi lenyewe lilikuwa ufizi mwekundu wenye unyevu. Mengine yalikuwa meupe, mengine yana rangi ya chai. Alimenya la pili na la tatu, yakawa hivyo hivyo. Aliihofia shahada yake, kwa sababu hakujua meno yanahesabiwa kama nafaka au la.

Waruguru alichungulia juu ya ua akasema hiyo si ajabu. Wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya mkoloni, shamba ya tata yake, yaani shangazi yake, kule Githunguri ilizaa vidole msimu mzima. "Hata kuiva haikuwa inaiva," akasema. "Unapika mpaka kuni zinaisha." Dakta Muema naye aligonga jino moja kwa kalamu, akasema udongo una chokaa nyingi. Baada ya kufikiri aliamua kwamba meno yatapimwa uzito yakishakauka, kama nafaka nyingine yoyote.

Habari zilifika Kibera, na Nasipwondi akaja. Mkono wake ulikuwa umepona vibaya, umepinda chini ya kiwiko. Alimenya hindi moja kwa mkono mzima, akalizungusha, akapitisha kidole gumba kwenye safu. Kila hindi lilikosa meno mawili upande wa kitako, na hapo ufizi ulikuwa umejifunga laini, wa zamani. Wanaume wa rika la Shivachi kule kwao waling'olewa meno mawili ya chini walipokuwa vijana. Jino moja la juu lilikuwa limemeguka pembeni, kwa sababu Shivachi alikuwa akilifungulia soda. Nasipwondi aliliweka hindi lile shavuni, akafumba macho kwa muda.

"Ni Baba Lenah," akasema. "Ako hapa chini. Nataka kumpeleka nyumbani."

Hakuhitaji kumweleza Nafuna kwa nini, kwa kuwa Nafuna naye alitoka magharibi na alikulia ndani ya desturi hiyo hiyo. Mtu akifa na asipozikwa, hakuna jembe linalogusa ardhi ya boma lake. Kabla ya hapo Shivachi alikuwa amepotea tu, na mtu aliyepotea hazuii kilimo. Sasa alikuwa marehemu. Tangu aliposikia habari za meno, Nasipwondi alikuwa ameshatuma neno Malava kwa dereva wa basi, na Murunga, kaka mkubwa wa Shivachi, alikuwa ametundika majembe yote ukutani. Watoto wa Shivachi, Lenah na wadogo zake, walikuwa wakiishi huko kwa baba yao mkubwa na kula kutoka shamba hilo hilo. Mvua ya pili ilikuwa karibu. Kila wiki ambayo Shivachi angekaa Kawangware, watoto wake wangekaa bila kupandiwa.

Nafuna alitazama miguu yake. Kumchimba kungemaliza kitalu cha njaa, na kitalu kikiisha kabla ya mavuno, miaka yake yote chuoni ingekuwa kazi bure. Alijua anachotaka kuomba, akaona haya, akakiomba.

"Mama Lenah, ngoja yakauke tu. Nikishavuna, tunamtoa siku hiyo hiyo. Nitachimba mimi mwenyewe."

"Siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo."

Nasipwondi alikubali. Katika watu wake wote, Nafuna ndiye peke yake aliyekuwa na ruhusa ya kukanyaga shamba hilo bila kupigwa, na mtu hachagui sana akiwa na mlango mmoja. Alirudi Kibera kungoja.

Mwezi wa nane, alasiri moja, Ndungu na wenzake wawili waliingia kitalu cha njaa kuiba mahindi ya kuchoma, maana hawakuziamini habari za meno. Ndungu alilikamata hindi akalivunja, nalo likafunga juu ya vidole vyake. Nafuna, aliyekuwa anapalilia kitalu cha samadi, alisikia mfupa ukivunjika, kisha ukitafunwa. Ndungu alipiga panga kwa mkono wa kushoto, na shina lililokuwa nyuma yake likamkamata sikio. Mwenzake aliyekuja kumvuta aling'atwa kisigino mpaka mshipa ukakatika na mguu ukabaki unaning'inia. Wa tatu alianguka kifudifudi katikati ya mistari, na aliponyanyuka hakuwa na pua. Walitoka wakitambaa. Kitalu kiliendelea kutafuna mpaka jua likashuka, taratibu, kwa mdomo uliofungwa, kama mtu mwenye adabu mezani.

Jioni kaka zao walikuja kumpiga Nafuna. Hawakumlaumu kwa uchawi. Walisema mtu akifuga kitu kikali akifunge, na hilo lilionekana kwa wengi kuwa neno la haki. Walimvunja mbavu kwa mateke na kumwacha kando ya ua, na Waruguru akampa maziwa ya mbuzi.

Siku iliyofuata polisi walikuja, maana safari hii waliokuwa wameumia walikuwa watu wa Simeon. Inspekta alisimama mbali kidogo na mahindi, akamwita Nasipwondi, akamuuliza meno hayo ni ya nani. Nasipwondi aliona hatimaye serikali imeuliza swali linalofaa. Alieleza yote: mpini, mapanga, mkono wake, mahali mumewe alipolala.

"Mama, una hakika ni meno ya mumeo?"

"Nina hakika."

"Basi mumeo ako hai. Maiti haiumi mtu."

Kwa kuwa Shivachi alikuwa hai, inspekta aliendelea kueleza kwa upole, hakuna aliyemuua, na habari ya kumchimba haipo, kwani sheria hairuhusu kumfukua mtu aliye hai. Lililokuwapo ni shauri la Shivachi kuwajeruhi vijana watatu. Inspekta alikisogelea kitalu na kumwita kwa jina ajitokeze. Shivachi hakujitokeza. Basi wakamkamata mkewe badala yake, na alipokataa kupanda gari walimpiga kirungu kwenye mkono ule ule uliopinda, ukavunjika tena.

Nafuna alivuna mwezi wa tisa. Alivaa glavu za fundi wa kuchomelea, alizoazima, lakini hazikuwa na kazi: meno hayakumuuma. Yalijiachia mikononi mwake mepesi, hindi baada ya hindi, na hilo lilimuumiza kuliko mateke. Kama Shivachi angemkata kidole kimoja tu, angejisikia nafuu. Alipima kila kitalu, akajaza magunia, akayapakia kwenye Land Rover. Halafu akachukua jembe alilokuja nalo, kwa kuwa ilikuwa ndiyo siku hiyo.

Hakufika mbali. Mkokoteni wa kokoto uliingia shambani, na nyuma yake mifuko ya saruji, na nyuma ya saruji vijana wa Simeon. Chuo kilikuwa kimemaliza, na Simeon alikuwa amengoja kama alivyoahidi chuo. Ndungu ndiye aliyekuwa msimamizi, mkono umefungwa kitambaa. Nafuna aliwaambia wasijenge hapo, kuna mtu amezikwa.

"Tunajua," Ndungu akasema. "Si ni sisi tulimzika."

Nafuna aliingia kitaluni akaanza kuchimba. Alilipiga jembe chini kwa nguvu zote za mbavu zake mbovu, haraka haraka, akilia na kuomba msamaha kwa sauti, na udongo ulikuwa ukimkubali, kwa kuwa ulikuwa bado laini. Sepeto ilimpata upande wa kushoto wa kichwa, na sikio la upande huo halikusikia tena mpaka mwisho wa maisha yake. Alilala shavu likiwa ardhini. Kwa sikio lililobaki alimsikia Shivachi chini yake akisaga meno. Vijana walimvuta miguu wakamweka nje ya kamba, kisha wakamwaga zege.

Tasnifu yake ilipita. Dakta Muema alimshauri aandike kwamba mavuno ya kitalu cha nne yalitokana na hali ya mahali, na wakubwa wa chuo wakaona ni maelezo ya kiasi, yanayomfaa mtafiti chipukizi. Magunia ya meno yaliwekwa ghalani, ambako panya waliisha, na mtunza ghala akaandika barua ya pongezi. Nafuna alipoomba apewe hata gunia moja, aliambiwa meno hayo ni mali ya utafiti. Alivaa joho mwezi wa kumi na moja. Wazazi wake walikuja, wakapigwa picha naye, naye akageuza upande wa kulia wa uso kwa kamera.

Simeon alimaliza vyumba vyake vya mabati. Wapangaji wa chumba cha tatu walilalamika kwamba sakafu inasaga meno jioni, akawaambia watazoea. Walizoea. Mtoto wao mchanga hata hakuwa akilala bila sauti ile.

Nasipwondi aliachiliwa mwishoni mwa mwezi wa pili. Alikwenda moja kwa moja Kawangware, akasimama mbele ya vyumba. Simeon alimsalimu, akampa pole kwa matatizo yake na sheria. Kutoka hapo alimtafuta Nafuna, akamkuta, na hakumwambia neno lolote kuhusu siku hiyo hiyo. Alisema tu kwamba anakwenda nyumbani na anataka msomi aende naye, wasije wakafikiri amechanganyikiwa. Nafuna angependa kutukanwa. Alipakia nguo, wakapanda basi.

Shamba la Malava lilikuwa na magugu ya kufika kiunoni. Mvua ya pili ilikuwa imepita bila mtu kupanda, na mvua kubwa ilikuwa inakuja. Mawingu yalikuwa tayari upande wa mlima. Watoto wa Shivachi walikuwa na nywele nyekundu, nyepesi, na matumbo makubwa. Lenah, binti wa miaka kama kumi na miwili, alikuwa amembeba mdogo wake wa mwisho, na mtoto huyo alipomwona mama yake hakuwa na nguvu za kulia. Ndugu yake Lenah wa kiume, aliyemfuata kuzaliwa, alikuwa amezikwa mwezi wa kumi na mbili. Hakuna aliyekuwa amemwambia Nasipwondi. Alioneshwa kaburi, akalitazama, akakaa chini.

Jioni wazee wa ukoo walikutana uani kwa Murunga. Murunga alikuwa mtu mkavu, mpole, na tangu majembe yatundikwe alikuwa amekonda kuliko wote, kwa kuwa chakula chake aliwapa watoto. Alieleza jambo ambalo kila mtu alilijua. Mtu akifia mahali pasipojulikana, ukoo hukata mgomba, huuvisha nguo zake, huuzika kwa jina lake, na kesho yake watu hulima. Lakini mgomba ni wa asiyejulikana alipo. Ikiwa ndugu wanajua mwenzao amelala wapi na wakazika mgomba, wamemtupa, naye hatawasamehe. Shivachi alijulikana alipo. Mkewe mwenyewe ndiye aliyetuma neno.

Akaitazama mikono yake. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayemfungulia mgonjwa mlango:

"Shemeji, ndugu yetu ako wapi? Unajua, ama hujui?"

Wazee wote walitazama chini. Kila mmoja wao alilijua jibu la kweli, na kila mmoja aliliogopa. Nasipwondi aligeuza kichwa kuelekea jikoni, ambako Lenah alikuwa akichochea maji yasiyo na unga, ili wadogo zake wasikie sauti ya mwiko.

"Sijui," akasema.

"Hukuona aliyempiga?"

"Sikuona."

Murunga alimgeukia Nafuna. "Na wewe, mwanetu uliyesoma. Wewe ulikuwa kwa hiyo shamba. Unajua alipo?"

Nafuna alikumbuka udongo ule chini ya shavu lake. Alijua kipimo cha kila upande wa mahali pale, na angeweza kwenda akiwa amefumba macho. Alitaka kusema jina la Simeon kwa sauti kubwa mpaka koo lichanike.

"Sijui, Mzee," akasema.

Wazee wakaitikia kwa pamoja, na uani watu wakaanza kutembea tena.

Maneno hayo yalifika Nairobi kwa haraka, kupitia matangazo ya kanisa na madereva wa mabasi. Pale kituo cha polisi walifurahi kuyapata, kwa kuwa mke amesema mbele ya wazee kwamba hajui lolote na hakuona mtu. Ijumaa, basi la mchana liliteremsha kutoka paani jeneza zuri la mvule lenye vishikio vya shaba. Lilikuwa limetumwa na Mzee Simeon Ng'ang'a wa Kawangware, pamoja na salamu za rambirambi, kwa sababu marehemu aliwahi kulima kwake. Nasipwondi alilizunguka, akalishika vishikio. Murunga alimuuliza kama walirudishe. Alijibu kwamba nyumbani hakuna mbao, na mvua haitangoja seremala.

Jumamosi asubuhi walikata mgomba nyuma ya nyumba, wakauvisha suti ya Shivachi na tai yake. Nafuna alifunga vifungo. Ulikuwa mrefu kuliko jeneza, kwa hiyo Murunga aliulaza chini, akapima kwa macho na kuukata kwa panga mahali pa miguu, mapigo kadhaa, kwa kuwa ulikuwa mgumu kuliko mgomba. Damu ilitoka nyingi, ikajaza mikunjo ya suruali na kumrukia Lenah miguuni. Wanawake walileta matambara. Nasipwondi alishindilia tambara moja mahali palipokatwa, akalikaza kwa mkono wake mzima mpaka damu ikapungua, akawaambia wafunike. Walizika kabla ya saa sita. Jumatatu mvua ilinyesha, nao wakapanda.